Kuchagua stata ya gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya kuhusu stata, mota inayozungusha injini hadi iwake, yanalenga magari ya miaka ya 1950 hadi 1980 ambayo bado yanatembea Mwanza, Magu, Sengerema na mwambao wote wa ziwa: Land Rover Series, Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle, Datsun, na Land Cruiser za mwanzo. Mengi yanafaa kwa injini yoyote ya rika hilo.

Nikifika duka la spea nikataja jina la gari na mwaka, haitoshi?

Haitoshi, na hapo ndipo hela nyingi inapopotea. Gari lililopita kwa wamiliki wanne au watano mara nyingi limeshabadilishwa injini, gia boksi au flaiwili (gurudumu zito lenye meno nyuma ya injini). Land Rover yenye injini ya Toyota si kitu cha kushangaza hapa. Stata haijui kadi ya gari inasema nini. Inashika meno ya flaiwili na matundu ya nyumba ya klachi. Vua ya zamani, ifute mafuta, nenda nayo dukani mkononi. Kama unaagiza Kariakoo au Nairobi iletwe kwa basi, tuma picha tatu: ubavuni, upande wa meno, na nyuma palipo na terminal, na rula ionekane kwenye kila picha. Namba iliyogongwa kwenye bodi ya stata ina thamani kuliko jina la gari.

Vipimo gani lazima vifanane?

Anza na meno. Hesabu meno ya bendeksi, ile gia ndogo ya stata inayoshika flaiwili; mengi huwa 9, 10 au 11. Lakini idadi kufanana haitoshi, kwa sababu meno 9 ya stata moja yanaweza kuwa manene kuliko meno 9 ya nyingine. Ziweke bendeksi mbili zikiwa zimesimama uso kwa uso uone kama meno yanafunikana. Kama ya zamani imepotea, chukua kipande cha sabuni ya kufulia iliyolainika, kibonyeze kwenye meno ya flaiwili kupitia tundu la stata, kisha jaribu alama hiyo kwenye bendeksi unayotaka kununua.

Cha pili ni umbali kutoka uso wa flanji, ule unaokaa kwenye nyumba ya klachi, hadi mwanzo wa meno ya bendeksi ikiwa imepumzika. Bendeksi iliyopumzika inatakiwa iwe mbali na flaiwili kwa milimita 2 hadi 4 hivi. Ikiwa karibu zaidi, itakwaruza flaiwili injini ikiwa inafanya kazi. Ikiwa mbali mno, hata ikisukumwa hadi mwisho itauma ncha tu za meno. Inatakiwa ifunike angalau theluthi mbili ya upana wa jino.

Cha tatu wengi hawakipimi: kipenyo cha pete ya mbele ya stata, ile inayoingia ndani ya tundu la nyumba ya klachi. Pete hiyo ndiyo inayoweka stata katikati. Bolti zinabana tu. Ikilegea hata milimita 1, bendeksi inakaa juu au chini ya mahali pake, na meno yataisha mapema. Usikubali fundi akwambie "tutaweka kipande cha bati."

Kisha nafasi ya matundu ya bolti (mbili au tatu), uelekeo wa kuzunguka, na mahali solenoidi (swichi ya sumaku-umeme inayopitisha umeme mkubwa wa stata) inapokaa. Uelekeo angalia ukitazama meno kwa mbele: kuna zinazozunguka kama saa na kuna kinyume chake. Solenoidi isigusane na bomba la ekzosi wala chasisi.

Kuna tofauti gani kati ya stata yenye solenoidi mgongoni na isiyo nayo?

Isiyo nayo ni ya mfumo wa zamani wa Kiingereza, kama Lucas M418G iliyofungwa kwenye Land Rover Series za petroli. Solenoidi yake iko mbali, ukutani ndani ya boneti. Umeme ukifika, mota inaanza kuzunguka kwa kasi na bendeksi inarushwa kwenye hesi (mifereji ya skrubu ya shafti) hadi igonge flaiwili. Ndiyo maana ina ule mlio mkali wa kugonga. Yenye solenoidi mgongoni hufanya kinyume: kwanza wenzo unasukuma bendeksi ishike meno, ndipo umeme mkubwa unaruhusiwa. Ya pili hutunza meno zaidi na haiachii injini ikikohoa mara moja tu.

Kubadilisha ya kwanza uweke ya pili kunawezekana, ila angalia flaiwili. Meno yake yamechongwa mshazari upande ambao bendeksi inaingilia. Stata mpya ikiingilia upande usiochongwa, itakuwa inagonga ukuta wa jino kila asubuhi. Kwenye baadhi ya magari ya Kiingereza mabadiliko haya yanadai ringi nyingine ya flaiwili, au hata bamba la nyuma la injini.

Waya nazo zinabadilika. Kwenye mfumo wa zamani waya mnene unaokwenda kwenye stata unapata umeme wakati wa kupiga stata tu. Kwenye mfumo mpya unakuwa na umeme muda wote, kwa hiyo uufunike vizuri kwa mpira na uufunge mbali na ekzosi. Njia ya mkato ya kuacha solenoidi ya ukutani na kuunganisha kipande cha waya kati ya bolti kubwa na terminal ndogo ya stata mpya tunaikataa. Mota ya sumaku inapopungua kasi huzalisha umeme wake yenyewe, umeme huo unaendelea kushikilia solenoidi, na bendeksi inachelewa kutoka wakati injini tayari imewaka. Weka rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme.

Stata ndogo za kisasa zenye gia ndani zinafaa kwa injini ya zamani?

Zinafaa sana, kwa sharti la meno na pete kama tulivyosema. Mota yake ni ndogo na inazunguka kwa kasi kubwa, halafu gia za ndani zinapunguza kasi na kuongeza nguvu. Inakula ampea chache kuliko stata nzito ya zamani kwa kazi ileile, na wepesi wake unakupa nafasi karibu na ekzosi. Za Nippondenso zimeenea kwa sababu vipuri vyake vinapatikana kila mahali: kaboni, bushi, bendeksi, hadi vipande vya shaba vya ndani ya solenoidi.

Ubaya wake ni kwamba nyingi za bei nafuu zinatumia sumaku badala ya koili za waya ndani ya mota. Zikidondoka sakafuni, sumaku inaweza kupasuka au kubanduka bila wewe kuona kitu kwa nje. Itikise kabla hujalipa. Ikilia kama ina kokoto, irudishe.

Gari langu ethi yake (nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi) ni chanya. Nifunge stata yoyote?

Magari mengi ya Kiingereza hadi katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa hivyo. Stata ya zamani ya koili haijali, kwa kuwa ukigeuza nguzo za betri unageuza koili na amecha (kiini kinachozunguka ndani ya mota) kwa pamoja, na uelekeo unabaki uleule. Stata ya sumaku inajali. Ukiifunga kwenye ethi chanya itazunguka kinyumenyume, bendeksi itateleza kwenye klachi yake, na utasikia mlio mzuri huku injini haisogei. Wengine hurudisha stata dukani wakidhani ni mbovu.

Kama unaitaka hiyo, geuza gari zima liwe la ethi hasi. Geuza betri, badilishana waya mbili nyembamba za koili ya ignisheni, badilishana waya za kipimo cha ampea, toa redio ya zamani. Kwenye dainamo ya Lucas, toa waya ulio kwenye terminal F, kisha gusa terminal hiyo mara mbili au tatu kwa waya unaotoka nguzo yenye umeme ya betri. Kugusa tu, si kushikilia.

Beetle yangu ilikuwa ya volti 6, sasa ina betri ya 12. Stata je?

Hapa kuna mitego miwili. Flaiwili ya volti 6 ina meno 109 na ya volti 12 ina meno 130, kwa hiyo hesabu kwanza, usikisie kwa mwaka wa gari. Mtego wa pili ni bushi. Ncha ya shafti ya stata ya Beetle inashikwa na bushi iliyo ndani ya nyumba ya gia boksi, si ndani ya stata. Shafti ya stata ya volti 6 ina milimita 12.5 na ya volti 12 ina 10.9. Ukifunga ya volti 12 kwenye bushi pana, shafti inayumba, amecha inakwaruza koili, na baada ya wiki chache stata inakwama. Nunua bushi ya kubadilishia, ni kitu kidogo cha bei ndogo, na ubadilishe bushi hiyo kila unapobadilisha stata hata kama inaonekana nzima. Au tafuta stata ya Bosch iliyotengenezwa kwa Beetle ya otomatiki, ambayo shafti yake inajitegemea.

Kuacha stata ya volti 6 ifanye kazi kwa volti 12? Inazungusha, tena kwa fujo. Wapo wanaotembea nayo miaka, ila meno na koili ndivyo vinavyolipa.

Kilowati ngapi zinatosha?

Petroli ya lita 1.2 hadi 2.0: kilowati 0.8 hadi 1.2. Petroli ya lita 2.0 hadi 3.5: 1.2 hadi 1.8. Dizeli ya lita 2.0 hadi 2.5: zisipungue 2. Dizeli kubwa zaidi: 2.5 na kuendelea. Dizeli inadai zaidi kwa sababu ya mgandamizo. Land Rover ya lita 2.25 ya dizeli ina uwiano wa 23 kwa 1, wakati ndugu yake wa petroli wa awali ana 7 kwa 1.

Usikimbilie kilowati nyingi. Katalogi za Ulaya zinafikiria asubuhi yenye barafu, na hata ampea za baridi zinazoandikwa kwenye betri hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwanza haina asubuhi hiyo. Stata ya kawaida yenye meno sahihi na waya nzuri itakuhudumia kuliko kubwa iliyolazimishwa. Kinachoua stata hapa ni vumbi, maji ya kuoshea injini na nyaya nyembamba.

Nina Land Cruiser ya dizeli yenye betri mbili. Ni volti 24?

Si lazima. Pima nguzo za mwanzo na mwisho kwa multimita, na usome kibao cha stata. Zipo zilizotoka na 24 zikageuzwa kuwa 12 nusunusu: taa 12, stata 24. Stata ya 24 ikipewa 12 inajikokota tu. Ya 12 ikipewa 24 inaungua haraka.

Stata ni mpya na bado inazungusha kwa uvivu. Nimeuziwa feki?

Labda, lakini pima nyaya kwanza. Uzuiaji wa ohm 0.005, ambao multimita ya kawaida haiwezi kuuona, ukipitiwa na ampea 200 unameza volti 1 nzima. Kwa hiyo hatupimi ohm, tunapima volti stata ikiwa kazini.

Toa waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili ya ignisheni ili injini isiwake. Kwenye dizeli, shikilia stopu. Weka gia huru na breki ya mkono. Mtu mmoja apige stata kwa sekunde 5, mwingine asome.

Kwanza, nguzo kwa nguzo ya betri. Ikiwa imepumzika na imejaa inasoma 12.6, ikisoma 12.2 iko nusu, ichaji kabla ya kuendelea. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, betri imechoka au stata inakula kupita kiasi.

Pili, ncha moja ya multimita kwenye nguzo chanya ya betri, yaani risasi yenyewe na si klempu, na nyingine kwenye bolti kubwa inayoingiza umeme ndani ya mota. Isizidi 0.5. Ikizidi, pima kati ya bolti mbili kubwa za solenoidi. Hapo isizidi 0.2.

Tatu, bodi ya stata hadi nguzo hasi. Isizidi 0.3. Kipimo hiki ndicho kinachofeli mara nyingi kwenye magari ya zamani, kwa kuwa injini imekaa juu ya raba na mkanda wa ethi kati ya injini na chasisi umekatika au umefungwa juu ya rangi. Umeme hutafuta njia nyingine. Ukiona kebo ya choki au ya mafuta inapata moto unapopiga stata, hiyo ndiyo njia iliyopatikana. Funga mkanda mpya, kwangua rangi hadi chuma king'ae, paka grisi juu baada ya kukaza.

Waya wa betri uwe wa milimita za mraba 35 kwa petroli na 50 kwa dizeli. Usidanganywe na unene wa plastiki. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, uache.

Inalia "tak" moja halafu kimya.

"Tak" moja nzito maana yake solenoidi imevuta lakini umeme mkubwa haujapita: vipande vya shaba ndani vimeliwa, au kaboni zimeisha. Kwenye Nippondenso vipande hivyo vinauzwa peke yake. Badilisha vyote viwili pamoja na pistoni yake ikiwa sahani yake imechimbika. "Tak-tak-tak" za haraka ni betri dhaifu au klempu zilizolegea.

Kama hakuna mlio kabisa, hasa injini ikiwa ya moto baada ya foleni, shuku swichi ya ufunguo. Solenoidi kwa sekunde ya kwanza inaweza kuvuta ampea 30 hadi 50, na swichi ya miaka 50 haiwezi tena mzigo huo. Rilei ya ampea 40 na waya wa milimita za mraba 4 kutoka betri hadi terminal ndogo humaliza tatizo.

Inakwaruza meno siku nyingine, siku nyingine iko sawa.

Injini ya silinda nne huzimika karibu kila mara kwenye sehemu mbili zilezile za flaiwili, zinazotazamana. Hapo ndipo meno yanapoliwa, ndiyo maana tatizo linakuja na kuondoka. Zungusha injini kwa spana kwenye puli ya mbele huku ukimulika kupitia tundu la stata, zunguka duara zima. Usifunge stata mpya kwenye meno yaliyokwisha. Bendeksi itaharibika nayo.

Flaiwili ikishashushwa, ringi inaweza kugongwa itoke na kurudishwa ikiwa imesogezwa robo duara, ili sehemu nzima ikae palipokuwa pabovu. Ipashe sawasawa hadi nyuzi 200 au 250, isifike wekundu, maana ugumu wa meno utapotea. Iangushe mahali pake mara moja, ipoe yenyewe. Usimwagie maji.

Nitengeneze ya zamani au ninunue?

Kama amecha na koili ni nzima, tengeneza. Chuma cha zamani ni kizito na chema. Kaboni zikifika milimita 8 hivi au nusu ya urefu wa awali, badilisha zote. Bushi mpya za shaba lazima zilowekwe kwenye oili nyepesi ya injini saa 24 kabla ya kugongwa. Zikiingia kavu hazidumu. Komyuteta, yaani vipande vya shaba vya amecha vinavyoguswa na kaboni, isafishwe kwa msasa laini wa kioo. Kwenye stata za Lucas usikwangue maika (kihami) kati ya vipande vya shaba, ingawa kwenye dainamo hufanywa. Bendeksi ya kurusha ioshwe kwa mafuta ya taa na iachwe kavu. Grisi hushika vumbi, na bendeksi inaganda katikati ya hesi.

Amecha ikishaungua, kuisuka upya kunategemea mkono wa fundi. Wengi husuka mota za pampu vizuri lakini waya mnene wa stata unawashinda. Hapo nunua.

Ya mtumba nitaijaribuje dukani?

Ibane kwenye jiliwa la fundi, si chini ya mguu, inaruka. Tumia nyaya za kubusti: hasi kwenye bodi, chanya kwenye bolti kubwa, kisha gusa terminal ndogo. Bendeksi itoke hadi mwisho na kurudi yenyewe. Ukiwa na klempu ya ampea za DC, ikizunguka bure isome kati ya 50 na 90 kwa stata nyingi za volti 12. Ikizidi sana hapo, bushi zimeisha na amecha inakwaruza. Halafu zungusha bendeksi kwa vidole: upande mmoja iteleze, upande wa pili ishike.

Stata imekwama kwenye flaiwili, nifanyeje njiani?

Kwa zile za kurusha, angalia mwisho wa shafti nyuma ya stata: nyingi zina kichwa cha mraba chini ya kikofia. Kizungushe kwa spana. Kama hakifikiki, zima ufunguo, weka gia ya nne, ulisukume gari mbele na nyuma. Ikijirudia, bolti za stata zimelegea au meno yameisha.

Baada ya kufunga stata mpya, gari linashika pale tu ninapoachia ufunguo.

Stata haina kosa. Gari lako lina koili ya ignisheni inayofanya kazi kwa volti pungufu kupitia rezista, na stata ya zamani ilikuwa na terminal ndogo ya ziada iliyoipa koili volti zote wakati wa kupiga. Hiyo mpya haina. Tumia rilei yenye miguu mitano iliyo na miguu miwili ya kutoa umeme isiyoungana ndani rilei ikiwa imepumzika (87 na 87b), si ile yenye 87 na 87a: mguu mmoja upeleke solenoidi, wa pili upeleke upande wa koili unaopokea umeme, baada ya rezista. Kama solenoidi yako ya ukutani ya zamani bado ipo na ina terminal hiyo, usiitupe. Iache hapo ifanye kazi ya rilei, ipeleke umeme kwenye terminal ndogo ya stata mpya na kwenye koili kwa pamoja.